Jani la Korongo

Korongo hakulima wala hakufuga. Alisimama kutwa juu ya jaa, amevaa koti lake jeusi, mfuko wa ngozi unaning'inia shingoni, akiwatazama wenzake wanavyohangaika. Mwaka ambao vuli haikunyesha, akawatuma mbayuwayu usiku wakamtupie kila mnyama jani moja kavu mlangoni. Kila jani lilikuwa na muhuri wa mdomo wa Korongo na jina la mwenye nyumba, limeandikwa bila kosa, hata la Fuko, ambaye majirani zake wenyewe walikuwa hawalijui jina lake.

Hakuna aliyekuwa ameliomba. Msomaji asidhani natia chumvi. Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi za mkopo zipatazo 60,000 kwa posta, na wao pia hawakuwa wameziomba. Korongo wetu alikuwa mwanafunzi tu.

Matumizi yake yalikuwa mepesi. Unakwenda dukani kwa Panya, unaonyesha jani, unabeba mtama. Korongo anamlipa Panya baadaye, lakini kwa kila pishi 100 anampa 97. Panya naye si mjinga: alipandisha bei kwa wote, wenye majani na wasio nayo. Mwezi ukiandama, Korongo anapita na daftari. Ukilipa zote, hakuna riba. Usipoweza, Korongo anainamisha shingo na kulainisha sauti: "Mteja wetu mpendwa, usijisumbue. Toa 5 tu kwa kila 100 unazodaiwa. Zilizobaki zitasubiri."

Zilisubiri kweli, ila huku zikisubiri zilizaa, 3 kwa kila 100, kila mwezi.

Kima na Nyegere walidaiwa pishi 100 kila mmoja. Nyegere ni mbishi tangu kuzaliwa. Alisikia "5" ya mwezi wa kwanza, akatoa 5, na kila mwezi akatoa 5 zilezile hata Korongo alipomwambia kwamba sasa deni limepungua na anaruhusiwa kutoa 4. Kima alikuwa mtiifu. Alitoa kila alichoambiwa: sehemu 5 kwa 100 ya kilichobaki, na kilichobaki kilivyopungua, ndivyo na alichotoa kilivyopungua. Mwezi wa 31 Nyegere alifuta deni. Mwezi huohuo Kima alikuwa bado anadaiwa pishi 51. Hakuwa amechelewa hata siku moja.

Kila Idi Korongo alimpelekea Kima halua. Nyegere aliambulia salamu. Mzee Kobe, aliyelipa deni lote kila mwezi kabla riba haijazaliwa, hakupata hata hiyo salamu. Korongo alimwita mteja mkorofi.

Lakini hekaya hii si ya hao. Ni ya Bi Kanga, ambaye hata hizo 5 zilimshinda.

Jani lake alilitumia mara nne. Upepo uliezua paa lake. Kifaranga wake wa tatu akaugua, na mganga alitaka malipo kabla ya kufungua mkoba. Ukaja mwezi ambao hakukuwa na chakula. Ikaja harusi ya binti wa shangazi yake, na kwenye harusi huendi bila sare. Kijijini walishika hiyo sare. Chini ya mbuyu walisema Kanga kaponzwa na mapambo, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Tausi. Mimi nimezipiga hesabu zake. Paa na mganga vilimeza pishi 80, chakula 14. Sare ilikuwa pishi 6.

Alilipa alivyoweza, akakosa, akalipa tena. Kila alipokosa, Korongo aliongeza faini ya pishi 2, na faini nayo ikaanza kuzaa. Deni lilipofika 118 Bi Kanga aliacha kulipa kabisa, si kwa ukaidi, bali chungu kilikuwa kitupu. Basi Korongo akawafungulia kunguru.

Kunguru hawakutua kwake. Walitua juu ya paa la wakwe zake, juu ya ukuta wa madrasa ya vifaranga, juu ya mti wa mwajiri wake, hata kwa Pono wa pwani aliyewahi kumsalimia mara moja tu. Walipiga kelele neno moja: "Dawa ya deni kulipa!" Wenye simu za Nairobi wanaijua sauti hiyo. Programu za mikopo zilikuwa zikichota majina yote yaliyomo kwenye simu ya mdeni, kisha bosi na mama mkwe wanapigiwa asubuhi kabla ya chai. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikataza mchezo huo. Kunguru wengine hawajajifunza kusoma.

Aibu ikafanya kazi ambayo daftari halikuweza. Bi Kanga alianza kutoka alfajiri na kurudi gizani. Akipata kibaba cha mtama, anakipeleka jaani kwa Korongo ili kunguru wanyamaze siku mbili, na vifaranga wanalala na maji. Katika hali hiyo ndipo Sungura alipomkuta.

"Pole, dada. Nipe pishi 10 za kuanzia, nami nitayakusanya madeni yako yote niyafanye moja, dogo, lenye adabu. Sharti moja tu: usizungumze tena na Korongo. Kuanzia leo mimi ndiye mdomo wako."

Bi Kanga alikopa zile 10 kwa dada zake. Mdomo wake ukavuka mto usiku uleule.

Aliyemfikisha kwa Mzee Kobe ni shangazi yake, yule mwenye harusi. Alimshika bawa akamburura.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Vifaranga wamekula?"

Bi Kanga akanyamaza.

"Basi nenda ukawalishe, halafu urudi na makaratasi yote, na yale ambayo hukuyafungua."

Alirudi na furushi. Kobe alisoma taratibu, maana hajui namna nyingine ya kusoma. Miezi 20 ilikuwa imepita tangu malipo ya mwisho yaliyoandikwa, na daftari sasa lilidai pishi 266.

"Uliweka rehani nini?"

"Sikuweka kitu, babu."

"Paa lako?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unamlisha Korongo kabla ya wanao? Kwanza chakula, kisha paa, kisha dawa. Kitakachobaki ndicho cha wadai. Akitaka zaidi, atakwenda kwa Simba kukushitaki, na akikushitaki nenda. Wengi huhukumiwa kwa sababu siku ya kesi walijificha."

Kisha akaweka ukucha juu ya ile 266. Nchi hiyo ilikuwa na sheria kwamba mkopo ukishakufa mikononi mwa mdeni, riba yake haina ruhusa ya kumpita mama yake kwa kimo. (Wakenya wanayo, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, tangu 2007, na ni wachache mno wanaokitaja mbele ya meneja.) Deni lilikufa likiwa 118. Riba na faini zingeweza kuongeza 118 nyingine, ziwe 236, si zaidi. Pishi 30 Korongo alikuwa amezibuni.

Bi Kanga alikwenda jaani mchana, watu wakiona. Alisema alichonacho: pishi 2 kila mwezi, na zile 30 zifutwe. Korongo alicheka hadi mfuko ukatikisika. Akamwambia hiyo si biashara, hiyo ni sadaka, naye hajafungua msikiti.

"Basi nitaziweka," akasema Bi Kanga. Akaziweka kweli, pishi 2 kila mwezi, kwenye chungu alichokifukia chini ya figa. Kunguru waliendelea, lakini wakwe walikuwa wameshahadithiwa habari yote na Bi Kanga mwenyewe, kwa kinywa chake, na habari ambayo kila mtu anaijua haina mnunuzi. Baadhi ya kunguru walihamia mitaa mingine.

Korongo alipoona hapati kitu, alimwandikia Simba kwamba deni la Kanga limekufa, apunguziwe kodi. Usiku uleule akamuuzia Fisi maiti, kwa pishi 8.

Fisi alifika akiwa na sauti ya mahakama. "Unadaiwa 266. Leo."

"Karibu, kaka. Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Deni ni langu sasa."

"Nionyeshe hati ya kununua. Na daftari la kuanzia mwanzo."

Fisi hakuwa na daftari. Alikuwa na kipande cha karatasi chenye jina na namba, na jina lenyewe lilikosewa herufi. Alizunguka kibanda mara mbili, akanusa. Akashuka hadi 150. Bi Kanga akamimina chai. Akashuka hadi 90, kwa huruma, alisema, kwa sababu ya watoto.

"Ulilinunua kwa ngapi?"

"Hilo swali si la adabu."

"Nina pishi 22. Nimezikusanya miezi 11. Nyingine sina, na ukienda kwa Simba nitakuja na shangazi na Mzee Kobe, na tutaanza na zile 30."

Fisi si mnyama wa kubishana na hesabu. Alikuwa ametoa 8 na miguu yake ilimuuma. Akanyoosha mkono kuelekea chungu.

"Andika kwanza," akasema Bi Kanga. "Kwamba deni lote limekwisha, la jana na la juzi, na hakuna atakayelidai tena. Kisha tia wayo."

"Sisi majirani! Neno langu halitoshi?"

Bi Kanga akaketi juu ya chungu. Jua lilizama kabla Fisi hajakubali kuukanyaga wino.

Wiki tatu baadaye walikuja watoto wawili wa Fisi, mashati yamepigwa pasi, na karatasi yenye namba ileile. Baba yao alikuwa amewauzia. Bi Kanga aliingia ndani, akatoka na ule wayo, akaunyoosha mbele yao bila kuuachia. Walitazamana, wakaulinganisha na miguu yao, wakarudi nyuma hatua moja. Kisha mkubwa wao akauliza, kwa heshima kabisa, kama anaijua njia ya kwenda kwa Kima.