Maziwa ya Hasi Milioni 107

Mgeni mmoja aliuliza, kwa adabu zake zote, kama maziwa ya baridi ile tunayauza kwa lita au kwa kilo. Wenzake wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Kwenye skrini ya ukutani, iliyonunuliwa kwa ajili ya ziara hiyo tu, joto la maziwa lilisomeka hasi milioni 107 na ushee. Wanasayansi wanasema hakuna kitu kinachoweza kushuka chini ya nyuzi hasi 273.15. Kiwanda chetu kilikuwa kimeshashuka, tena kabla ya chai ya saa nne. Mara namba ikaruka hadi sifuri, ikatulia kidogo, ikazama tena kule kule. "Fundi," mkurugenzi akasema bila kunitazama, "hebu waeleze wageni."

Nieleze nini? Kijana wa muuzaji ndiye aliyeiunganisha skrini hiyo, akasainiwa karatasi zake, akala pilau ya ofisi, akaondoka. Na maziwa yenyewe yalikuwa salama salimini. Hatua chache kutoka pale, rekoda ya mtambo wa kupasha maziwa ilionesha 72.4, mara 72.5, kama inavyotakiwa: yafike angalau nyuzi 72 na yakae hapo sekunde 15. Balaa lilikuwa njiani, kati ya rekoda na kompyuta inayoendesha skrini.

Na njia hiyo, ukiijua, inastaajabisha. Ni nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mmoja ukipanda volti, mwenzake unashuka, na anayepokea hausikilizi waya wowote peke yake. Anapima tofauti yao. Mota ya pampu ikimwaga vurugu za umeme, zinaupata huu na ule kwa kiasi kilekile, tofauti inabaki palepale. Kwa ujanja huo ujumbe husafiri hata mita 1,200 katikati ya mashine zinazonguruma. Juu ya nyaya hizo mashine huzungumza lugha iitwayo Modbus, iliyobuniwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani. Humo namba hukaa kwenye rejista, kila moja biti 16. Namba yenye desimali kwa kawaida huchukua biti 32, yaani rejista mbili. Ipi itangulie? Waliobuni hawakusema, kila mtengenezaji akajiamulia. Rekoda yetu hutanguliza mkia, kompyuta ilikuwa ikingoja kichwa. Ipindue 72.4 hivyo, na hesabu inatoa kweli hasi milioni 107. Ipindue 72.5, inatoka namba ndogo mno hata skrini inaandika 0.0. Sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na mamilioni yote hayo yametoweka! Wageni hawakupenda maelezo haya. Mmoja alitoa simu, akaipiga picha skrini.

Dawa yake ni alama moja ya vema kwenye ukurasa wa mipangilio. Hata dakika haifiki.

Baadaye rekoda mbili zilipewa anwani moja, zikawa zinajibu kwa pamoja. Waya ulioandikwa A na mtengenezaji mmoja ukawa ndio B wa mwenzake. Panya naye akala waya, huyo angalau hakuleta ankara.

Ankara ndiyo inayonichoma. Rekoda huhifadhi kumbukumbu zake kwenye faili ambalo halifunguki ila kwa programu ya muuzaji, na leseni ni ya kompyuta moja. Radi ilipoiua kompyuta hiyo, tukaambiwa tununue leseni upya. Maziwa yetu, umeme wetu, joto letu, na kulisoma tulipie mara ya pili! Fedha zilikatwa kwenye fungu la mabuti na glavu, kwa hiyo wanaoosha matangi kwa dawa kali wakaosha na glavu zilizotoboka ili mkurugenzi aone mchoro wa rangi. Hilo halijanichekesha hata siku moja.

Wewe unayetaka kununua mtambo kama huu, usilipe kwa kuoneshwa skrini nzuri. Mwambie muuzaji akupe orodha ya rejista iliyoandikwa, pamoja na ipi hutangulia, kisha atoe data za siku moja mbele yako na kuzifungua kwenye kompyuta isiyo na programu yake. Akianza kusema hilo litashughulikiwa baadaye, mpe chai na umsindikize getini.