Upweke wa Ukumbi Mzima

Freddie Mercury alikuwa na haki ya kuimba atakalo, lakini kwa wimbo wake "Living on My Own" mimi na yeye tuna kesi.

Msinihubirie kuwa ni wa kwetu. Najua. Sendi kununua mkate Shangani bila kusimamishwa na mtalii mwenye kofia akiulizia alipozaliwa. Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, kazaliwa hapa Unguja 1946, familia ikahamia Uingereza 1964. Nanyoosha mkono kuelekea kwenye makumbusho yake, naenda zangu.

Sasa huo wimbo. Mwaka 1985 aliwaweka kando kidogo wenzake wa bendi ya Queen akatoa albamu yake mwenyewe, Mr. Bad Guy, na humo ndani analia kwamba anaishi peke yake, hana pa kwenda. Haya, pole. Basi si ungetegemea kwenye video umkute chumbani, kiti kimoja, sahani moja, amejiinamia? Thubutu! Video imepigwa kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 39, klabu ya usiku mjini Munich. Wageni kwa mamia, wengine wametolewa London. Waliambiwa waje na nyeusi na nyeupe, na wamekuja kweli, wanaume wazima ndani ya magauni na lulu shingoni. Na mpweke wetu yuko katikati yao, suruali imembana, ina maumbo ya almasi kama ya karata, anacheza, anacheka. Pakifika mahali maneno yanamwishia, anabwabwaja silabi tupu. Hapo tu ndipo nilipomwamini.

Upweke wa namna hiyo mimi siujui. Nyumbani kwangu shemeji alikuja kutoka Wete kufuatilia pasipoti. Pasipoti imetoka, shemeji hajatoka. Shangazi kahamia sebuleni kwa sababu ya feni, kwa hiyo feni sasa ni yake na sebule pia. Nikiingia chooni, mtu anagonga kuuliza kama nimo. Nikikimbilia barazani nipumue, jirani ananiona: "Vipi, mbona peke yako? Unaumwa?" Nikisema siumwi, ndiyo kwanza anakaa, anifariji mpaka Isha.

Mtu kama mimi angeimba wimbo ule kwa machozi ya hamu. Na video isingekuwa na gharama: hakuna ndege, hakuna ukumbi, wageni wapo tayari na wamekwisha kula.

Waingereza wenyewe mwaka 1985 waliupuuza wimbo wa Freddie, ukaishia nafasi ya 50. Freddie akafariki Novemba 1991. Mwaka 1993 ukachanganywa upya, ukatiwa midundo ya disko, ukapanda hadi namba moja. Yaani mtu kaimba hana mwenzake, wakamwacha hivyo hivyo, na alipokufa ndipo wakajaa. Hata hapa mtaani ukitaka kuhesabu marafiki zako, hesabia kwenye hitima. Bahati mbaya kazi hiyo utafanyiwa na wengine, tena kwa sahani za pilau.

Basi mwenye chumba cha kupangisha huko Fuoni au Bububu, kidogo, kisichoingia kiti cha pili, anitafute. Ila asije kuniulizia nyumbani. Shemeji atataka tufuatane kwenda kukiona.