Jinsi ya Kumsahihisha Handel Bila Kutoka Sumbawanga

Anza kwa kutafuta nakala mbovu kuliko zote. Kila kwaya ya Ufipa inayo: kopi ya kopi, iliyotoka Mbeya kwenye semina, ikalala Laela, ikafika mjini na tundu la pini palepale penye ufunguo wa besi. Hiyo ndiyo "Haleluya" ya Handel mtakayoiandalia toleo la kitaalamu kabla ya Pasaka. Usihangaike kwenda Karema, walikofika Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, kuulizia kitabu cha zamani. Ukikikuta utalazimika kubadilisha walichozoea besi, na besi ndio wabeba mabenchi.

Kama nakala ni ya sol-fa, umebarikiwa. Kijistari juu kando ya herufi hupandisha nota oktava nzima, kikiwa chini huishusha. Nukta mbili hutenga mapigo, moja hukata pigo katikati. Sasa ongeza mashine ya fotokopi inayoishiwa wino, na inzi. Alichoacha inzi kiheshimu kama agizo la mtunzi. Sauti ya tatu ikilalamika kwamba imerushwa darini, lawama ziende kwa upepo wa milima ya Mbizi unaokausha makoo, kisha mwambie mpiga kinanda abonyeze kitufe cha kushusha toni. Karatasi ibaki kwenye D, kwaya iwe kwenye C. Wataalamu wa karne ijayo nao wapate kazi.

Maneno ya Kiswahili yabane popote yanapoingia. Pale Mwingereza anapotumia silabi tatu kumtaja Mfalme wa wafalme, sisi tunazo saba, na sauti ya kwanza inapanda ngazi kwa ngazi. Atakayewahi kumaliza awasubiri wenzake.

Ukitaka kuonekana msomi, itaje hati ya mkono, ila usiifungue. Handel aliandika "Messiah" kwa siku 24, kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741. Hati ipo London, katika Maktaba ya Uingereza. Nakala aliyoongozea, aliyoinakili karani wake John Christopher Smith, ipo Oxford, nayo ina majina ya waimbaji kila mahali, kwa sababu mzee Handel alikuwa akizipanga upya nyimbo za mwimbaji mmojammoja kufuata nani amepatikana msimu ule. Hili kwaya isilisikie. Watakuuliza: kama mwenyewe alishusha wimbo kwa ajili ya koo la mtu, sisi kosa letu ni lipi? Jibu lipo, ila linachosha: badiliko lake aliliandika, na jina la mtu kando yake. Letu tunalifuta kwa kalamu nyeupe.

Panapoandikwa mtunzi weka jina lako. Handel alifariki 1759, hatadai.

Linabaki pumziko lile kabla ya Haleluya ya mwisho, ambapo wote hunyamaza ghafla. Kwenye kopi yenu limekatwa na ukingo wa karatasi, na kuna mzee wa besi ambaye kila mwaka huingia hapo peke yake, kwa nguvu zote. Usimkemee. Mwandikie nota yake, pigo moja, kwa sauti kubwa, na chini ya ukurasa uweke tanbihi: "Haimo katika kopi yoyote. Chanzo: mzee wa besi, Misa ya Pasaka, kila mwaka."