Vigae vya Baba Mwenye Nyumba

Siku nahamia Tabata, baba mwenye nyumba alinionyesha paa kama mzazi anayeonyesha cheti cha mwanawe. "Vigae vya kisasa hivyo, kijana wangu. Sitaki kuona kitu juu yake."

Tatizo ni kwamba mimi ni mtu wa redio ya ridhaa. Leseni ya TCRA ninayo, na starehe yangu jioni ni kuongea na watu nisiowajua, walio nchi nisizowahi kufika, tukiulizana hali ya hewa na kama tunasikiana. Mke wangu anasema angenielewa zaidi kama ningekuwa nalipwa.

Antena yangu, ya megahezi 14, ni waya wa mita 10 tu: mita 5 huku, mita 5 kule. Nikawaza, kigae cha udongo hakizuii mawimbi, basi si niufiche darini? Huko hakuna mvua, hakuna kunguru, hakuna mwenye nyumba.

Nikapanda saa saba mchana, kosa la kwanza. Joto la kuokea mkate, harufu ya popo, na sharti la kukanyaga mbao, usiguse jipsamu. Mara moja tu niliteleza. Shemeji yangu, aliyekuwa sebuleni anakula wali, aliutambua mguu kwa soksi.

Jioni nikawasha redio. Nikalisikia friji letu. Nikazisikia taa za jirani. Italia, kimya. Nikaita dunia nzima robo saa. Aliyeitika ni televisheni, sauti yangu ikikoroma ndani yake katikati ya tamthilia ya mke wangu. Usiku ule chakula changu nilijipakulia mwenyewe.

Mwenzangu wa redio alipokuja hakusema neno. Alitoa mfukoni sumaku ya spika iliyokufa, akapanda ngazi, akaigusisha kwenye kigae. Tap! Ikanata. Vigae vya kisasa kumbe ni bati la chuma lililopakwa changarawe. Wiki nzima nilikuwa napiga kelele ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Nilipompelekea mwenye nyumba habari hizo alinitazama kwa huruma. "Hiyo sumaku yako ni mbovu."

Tukakubaliana lakini: nguzo nifunge kwenye mnara wa tenki la maji, juu kuliko paa, na kwa fadhila hiyo niwe nawasha pampu kila alfajiri. Sasa Italia naisikia. Kunguru wanaukalia waya, jirani anaamini nanasa simu zake, na mawingu yakianza kunguruma nakimbia kuuchomoa. Hata hivyo, sirudi darini.

Wewe unayetafuta nyumba, usiulize kodi kwanza. Nenda na sumaku.