Ngalawa ya Ngedere

Hapo kale, katika visiwa ambavyo wanyama ndio waliokuwa mabaharia, Ngedere alipelekwa kusoma kwa Mzee Kobe, ng'ambo ya mlango wa bahari. Mama yake, mwenye kishamba cha mtama kisicho kikubwa, alimpimia pishi 12 kila mwandamo wa mwezi, ziwe chakula, ada na dharura. Na mjomba wake akampa ngalawa kuukuu, isiyong'aa lakini isiyovuja hata tone.

Vijana wa pwani ile walikuwa na desturi ya kukutana jioni mchangani, kila mmoja na chombo chake, wakitazama, wakigusa, wakiulizana fundi ni nani. Ngedere akapenda, wala simlaumu: chombo kilichotengenezwa vizuri hukunjua moyo, na kijana ajuaye kinachousimamisha mlingoti amekwisha kusoma jambo kubwa.

Akaanza na tanga la pishi 20, pishi 8 akizikopa kwa Nguchiro, mkopeshaji mwenye maneno laini. Tanga likaushinda mlingoti, ikambidi anunue mlingoti mpya. Mlingoti mpya ukawa mzito, ngalawa ikayumba, ikambidi atie mawe ya farumi. Farumi ikakilaza chombo majini, vijana wakashangilia jinsi kilivyoinama, lakini kila maji yalipokupwa ubavu wake ukasugua matumbawe, na pamba ya kalafati ikaanza kuchomoka nyufani. Mtama wa kununulia pamba ulikuwapo. Ulikwenda kwenye baragumu la shaba, lililofungwa tezini na kulizwa usiku hata watoto wachanga wakagutuka. Ngedere akawa anashindia maembe mabichi, na kwa mama akatuma habari kwamba huku chuoni ada imepanda. Mama akauza jembe lake la pili.

Chuoni alikaa ubavuni mwa Digidigi, aliyependa vyombo kama yeye na kupokea pishi 12 kama yeye. Huyo kila mwandamo alitenga kwanza chakula na ada, kisha kalafati na deheni. Kilichosalia, mara kibaba, mara nusu kibaba, kiliingia kibuyuni. Siku za mapumziko alishinda kwa fundi akimshikia kamba, bila ujira, hata akajua kushona. Mwaka mzima alibadili kitu kimoja tu: alinunua tanga lililochakaa la nahodha mmoja mzee, akalishona upya kwa mkono wake. Jioni mchangani hakuna aliyekizunguka chombo chake.

Siku ya mtihani wa kuvuka mlango wa bahari, kusi ilikuwa imeanza kuvuma. Ngedere akatweka, upepo ukalijaza tanga, baragumu likalia. Kabla hajafika mkondoni maji yalikuwa yamemfika magotini. Akatupa farumi, akatupa na baragumu, akarudi pwani kwa kafi, na mtihani ukafanywa bila yeye.

Nguchiro akaja na kamba ya kupimia, akalithamini tanga kwa pishi 5.

"Nililinunua kwa 20, mzee wangu!"

"Lilikatwa kwa mlingoti wako, mwanangu. Nani mwingine litamfaa?"

Akalikunja akaenda nalo, pishi 3 za deni zikibaki palepale.

Jioni Digidigi akarejea kutoka ng'ambo, akapiga magoti kando ya ngalawa, akapitisha ukwato nyufani. "Ndugu yangu, pamba ni kibaba kimoja, deheni nusu kibaba. Una kiasi gani?"

Ngedere akahesabu. "Kibaba kimoja."

"Basi tuanze na pamba. Lakini kwanza mtumie mama habari za kweli."