Kuonja Bila Ndoo ya Kutemea: Maelezo Kuhusu Ununuzi wa Urwagwa Bugarama

Katika elimu ya vinywaji, kuonja na kununua ni matendo mawili yanayopaswa kutenganishwa, kwa kuwa la kwanza hufanywa ili la pili lifanyike kwa busara. Wajapani wamelizingatia jambo hili kwa nidhamu kubwa. Sake, yaani pombe yao ya mchele yenye kilevi cha takribani asilimia 15, mara nyingi huuzwa ikiwa na maelezo yanayomwezesha mnunuzi kuijua tabia yake kabla hata ya kuifungua: kipimo kiitwacho nihonshudo, ambacho huashiria kama pombe inaelekea utamu au ukavu, asilimia ya punje iliyobaki baada ya mchele kukobolewa, mkoa ilikotoka, na pengine hata jina la mbegu ya mpunga. Waonjaji wa kazi hutumia kikombe cheupe cha kauri kilichochorwa miviringo miwili ya buluu ndani ya kitako chake, ili rangi na ung'avu vionekane, kisha hutema walichoonja ndooni, wakaandika alama, wakahamia kikombe kinachofuata wakiwa na akili zao timamu. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa kutengeneza kinywaji hicho katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Bugarama, tarafa ya Wilaya ya Rusizi iliyo kusini-magharibi mwa Rwanda, haina ndoo ya kutemea, na upungufu huo mmoja ndio chanzo cha mikasa karibu yote inayoelezwa hapa.

Kwa mtazamo wa jiografia, Bugarama ingestahili kuwa Japani ndogo. Ni bonde la mpunga linalomwagiliwa maji, lililo katika pembe ambapo mto Rusizi huitenga Rwanda na Kongo na mto Ruhwa huitenga na Burundi. Na kwa kuwa Rusizi, kwa kimo cha mita 950 hivi, ndio mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda, joto la bonde hili halifanani na baridi ya nchi inayojiita ya vilima elfu. Hata hivyo, mchele wa Bugarama huliwa, hasa kwa maharage, na hakuna aliyefikiria kuunywa. Sababu inaeleweka zaidi pale inapoelezwa kwamba sake ya daraja la juu, iitwayo daiginjo, hutengenezwa kwa mchele uliosagwa pembeni hadi kubaki nusu ya punje au chini ya hapo. Mkulima aliyeshinda miezi minne akiwa amezama matopeni hadi magotini, akiwafukuza ndege tangu alfajiri, akisikia kwamba nusu ya kila punje yake itaondolewa ili watu waburudike, hatauliza swali la ufundi. Atauliza ni nani atakayemlipa hiyo nusu nyingine.

Pombe ya Bugarama, kwa hiyo, hutokana na ndizi, na ndizi hizo hupatikana kwa wingi kwenye vilima vinavyolizunguka bonde. Kinywaji chenyewe ni urwagwa, ambacho Kongo ya mashariki hukijua kwa jina la kasiksi, na ambacho ni ndugu wa rubisi ya Kagera na mbege ya Kilimanjaro. Ndizi za kupombekea, kama zile ziitwazo intuntu, hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani na kupashwa joto ili ziive kwa siku chache. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji matamu yaitwayo umutobe. Hatimaye maji hayo huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa, yakaachwa yachachuke kwa siku mbili au tatu. Mtama usiochanganywa na ndizi una pombe yake yenyewe, ikigage, na ukichanganya urwagwa na asali hupatikana inkangaza, kinywaji cha heshima ambacho humfanya mnywaji aheshimu kila mtu, wakiwemo wale anaowadai.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba urwagwa, tofauti na sake ambayo kwa kawaida hupashwa moto ili chachu zake zife kabla haijatiwa chupani, huuzwa ukiwa hai. Anayeununua hanunui kitu kilichokamilika, bali hununua hatua mojawapo ya safari ambayo bado inaendelea, na kwa joto la Bugarama safari hiyo huendeshwa kwa mwendo wa kasi. Watu wa pwani, waliozoea tembo la mnazi linalokuwa tamu asubuhi, kali jioni na siki kesho yake, huielewa hali hii bila mhadhara.

Mkasa wa kwanza hutokea kwenye kuonja. Kwa desturi ya Wanyarwanda inayoitwa gusogongera, mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya mgeni, ili ithibitike kwamba hakuna sumu wala hila, ndipo humkabidhi mgeni chombo. Desturi hii ni nzuri, lakini ina sharti lake: mgeni naye hana budi kumeza. Mtaalamu ambaye angefuata utaratibu wa Kijapani, akazungusha funda mdomoni, akaangalia juu kwa kutafakari, kisha akatema chini, angekuwa amemshtaki mwenye nyumba kwa uchawi mbele ya mashahidi, na bei ya dumu ingekuwa jambo dogo kuliko yote ambayo yangejadiliwa jioni hiyo. Zamani ugumu uliongezwa na umuheha, mrija mmoja uliozungushwa mtungini kutoka mdomo hadi mdomo. Kampeni za usafi zimeusogeza kando mrija huo wa pamoja na kuleta bilauri za mtu mmoja mmoja, jambo ambalo limeilinda afya ya umma lakini limeyaongeza mafunda, kwa sababu bilauri iliyojazwa hairudishwi nusu.

Tatizo la pili ni la kauli. Mnunuzi akisema pombe ni nzuri, anakuwa ameisahau methali ya wahenga kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na bei hupanda papo hapo huku kilevi kikishuka. Akisema ni mbaya, analetewa bilauri nyingine kutoka mtungi mwingine ili arekebishe maoni yake. Akinyamaza, kimya chake hutafsiriwa kuwa hajaonja vya kutosha. Hakuna jibu la nne, na mwonja asali, kama ijulikanavyo, haonji mara moja.

Ni wazi, basi, kwamba mnunuzi makini, ambaye hakubali kununua kabla ya kulinganisha kabare tatu, yaani vilabu vitatu vya pombe, hujiangamiza kwa umakini wake. Katika kabare ya kwanza hutambua utamu wa ndizi, uchachu wa wastani na harufu ya mtama uliokaangwa. Katika ya pili hutambua kwamba ile ya kwanza ilikuwa bora, ingawa hakumbuki ilikuwa upande upi wa barabara. Na katika ya tatu hutambua kwamba wote waliokaa hapo ni jamaa zake wa damu. Ununuzi hufanyika katika kabare ya tatu, si kwa sababu pombe yake imeshinda, bali kwa sababu ndipo miguu ilipofikia uamuzi. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017 lakini ambacho Bugarama ilikuwa ikinunulia na kuuzia tangu zamani, hufanya mapatano yaende haraka. Na kwa kuwa huu ni mji wa mpakani, ambapo faranga za Rwanda, za Burundi na za Kongo hazina thamani moja ingawa zina jina moja, mnunuzi aliyekwisha kuonja hukubaliana bei kwa faranga moja na kulipa kwa nyingine. Hasara hiyo hugunduliwa asubuhi, sambamba na ugunduzi kwamba mtungi ulioonjwa ulikuwa wa mbele na dumu limejazwa kutoka mtungi wa nyuma.

Mkasa mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni wa usafirishaji. Chachu iliyo hai hutoa gesi ya kabonidioksidi bila kujali kama kifuniko kimefungwa, na barabara ya kutoka Bugarama kwenda mji wa Kamembe hupanda kutoka bondeni hadi juu ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake peke yake uko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Kadiri gari linavyopanda, kanieneo, yaani msukumo wa hewa ya nje, hupungua, huku ile ya ndani ya dumu ikizidi. Abiria mwenye dumu amewekwa kati ya mambo mawili. Akikaza kifuniko, dumu huvimba, huviringika, na hatimaye hujieleza kwa mlio mmoja unaomfanya dereva asimamishe gari na kukagua magurudumu. Akikilegeza, pombe hutokwa povu kila kona, na kona za njia hiyo si chache. Wenye uzoefu huziba mdomo wa dumu kwa jani la mgomba lililosokotwa, ambalo huruhusu gesi itoke na kimiminika kibaki, ila huruka pale gari linapogonga shimo. Anayeumia zaidi katika ajali hizi ni jirani asiye na hatia: Bugarama ina Waislamu wengi, na si haki kwamba mzee ambaye hajawahi kugusa kilevi ashuke Kamembe akiwa na kanzu inayonuka pombe ya ndizi, akalazimika kutoa maelezo msikitini ambayo kila mtu atayasikiliza kwa adabu na hakuna atakayeyaamini.

Wapo wanaodhani kwamba wasiokunywa pombe wako salama kwa kununua umutobe, yale maji matamu ya ndizi yasiyochachuliwa. Dhana hii ni sahihi kwa saa kadhaa. Chachu za asili hazihitaji mwaliko, na umutobe uliokamuliwa Ijumaa kwa ajili ya wakwe wanaoheshimu dini au ulokole wao huweza kufika mezani Jumapili ukiwa umebadili msimamo. Dalili huonekana kwanza kwenye hotuba: mzee wa ukoo aliyepangiwa maneno machache ya shukrani huomba nafasi ya pili, kisha ya tatu, na katika ya tatu hupunguza idadi ya ng'ombe wa mahari kwa hiari yake. Upande wa bwana harusi haujawahi kuripoti tukio la namna hiyo kuwa ni ajali.

Dola, kwa upande wake, haikukaa kimya. Japani ilikwisha kupiga marufuku utengenezaji wa sake majumbani mwaka 1899. Rwanda haikufika huko kwa urwagwa, bali imeikataza kanyanga, yaani pombe kali ya kukenekwa kienyeji, pamoja na vinywaji vya kughushi vinavyojulikana kwa majina kama muriture, ambavyo huchanganywa vitu visivyo ndizi wala mtama, na imewahimiza watengenezaji wapeleke bidhaa zao zipimwe na shirika la viwango ili zipewe alama ya ubora. Urwagwa wa chupa yenye alama hiyo haulipuki, haubadiliki njiani, na kilevi chake kimeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Kasoro yake ni kwamba umetulizwa kiasi cha kutokuwa na la kusema, na wanywaji wa Bugarama huununua hasa kwa ajili ya kuwapelekea watu wa Kigali.

Kutokana na hayo yote, hukumu inayoweza kutolewa ni kwamba urwagwa wa mtungini ni kinywaji cha mahali na cha siku, si cha dumu wala cha safari. Anayetaka kuujua na aende Bugarama asubuhi kabla jua halijawa kali, achague kabare moja tu, amwache mwenyeji atangulie kuonja, amalize bilauri yake bila kusifu wala kulaumu, alipe kwa faranga zile zile alizopatania, kisha arudi nyumbani kwa miguu. Anayelazimika kubeba zawadi na anunue mchele, kwani wa Bugarama ni mzuri, na haujawahi kulipuka garini.