Tafadhali Usiguse Gololi

Sina ugomvi na wasanii. Kuna wawili watatu ninaofahamiana nao, wanadaiwa kodi ya pango, na mtu anayedaiwa kodi ya pango mimi humhesabu ndugu. Ugomvi wangu ni na yule aliyekaa ofisini kwenye kiyoyozi, akachapa kibao cha "Tafadhali usiguse", akakisimamisha mbele ya gololi.

Gololi zenyewe zilikuwa zimemwagwa juu ya meza ndogo nyeupe, zimepigiwa taa ya peke yao, kwenye jumba moja la sanaa pande za Masaki ambalo silitaji kwa sababu mama watoto bado anataka kualikwa. Maonyesho yalihusu utoto na mambo ya asili: miti, ndege, udongo, mvua. Kadi iliahidi furaha na michezo kwa rika zote. Mimi kadi huwa naiamini. Nikavaa raba, nikamvalisha mziwanda wetu za kwake, tukaondoka.

Mtoto kuziona tu zile gololi, kachuchumaa. Hakuuliza mtu. Akafumba jicho moja, akaibana ya bluu kwenye dole gumba, akalenga ile nyekundu ya katikati. Dada wa mapokezi akaibuka sijui kutoka wapi.

"Samahani baba, mtoto asiguse. Hiyo ni kazi."

"Najua dada, ndiyo anataka kuifanya."

Hakucheka. Mle ndani hakuna aliyecheka jioni nzima, na kadi, nakumbusha, ilisema furaha.

Wala si kwamba duniani kote ndivyo ilivyo. Mwaka 2006 jumba la Tate Modern kule London lilimruhusu msanii Carsten Höller afunge mabomba matano ya kutelezea ndani ya ukumbi wao mkubwa. Watu wazima na akili zao walipanga foleni, wakaingilia juu, wakatokea chini wanapiga kelele, na hiyo ikahesabiwa sanaa. Yayoi Kusama wa Japani naye ana kazi yake iliyoanzia Brisbane, Australia, mwaka 2002. Chumba kizima, kuta, viti na meza, kimepakwa rangi nyeupe. Watoto wanagawiwa vibandiko vya duara vya kila rangi, wabandike wanapotaka, mpaka weupe wote unapotea. Hiyo kazi naielewa. Kwangu tunayo sebuleni toka mwaka juzi, imefanywa kwa kalamu ya wino na mikono yenye mchuzi wa maharage, na mwenye nyumba ameniambia nikihama niipake rangi.

Halafu kuna suala la urefu. Majumba ya sanaa hutundika picha katikati yake ikiwa kwenye sentimita 145 au 150 kutoka sakafuni, ndipo jicho la mtu mzima linapofika. Kwa picha ya waziri, sawa. Hizi zilikuwa picha za watoto wanaorusha tiara, wanaooga mvua, wanaokimbizana na kuku, na mtoto wa miaka sita aliyesimama mbele yake anaona ukuta. Ikabidi kila picha nimnyanyue. Baada ya chache akagundua huko juu kuna upepo wa feni, akagoma kushuka. Mama watoto alikuwa mbele huko, ameinamisha kichwa upande mmoja, mkono kidevuni. Nilipomwambia kiuno kinaniuma akanijibu bila kugeuka:

"Baba nanii, hebu isome kazi kwanza."

Nikasoma. Kwenye sanduku la kioo kulikuwa na manati. Karatasi ya pembeni ilieleza kwamba msanii anahoji uhusiano baina ya mtoto, mti na ndege. Sasa mimi nimekulia Morogoro, nimetembea na manati shingoni mpaka darasa la sita, huo uhusiano naujua. Mti ulitoa panda. Mpira ulitoka kwenye tyubu ya baiskeli ya baba. Kile kingozi cha kuwekea jiwe kilitoka kwenye ulimi wa kiatu cha baba, ambacho sisi tulikihesabu kimekufa na yeye akawa na maoni tofauti. Ndege tulimkosa. Aliyehoji ni baba peke yake, na alihoji ameshika fimbo.

Chumba kilichofuata kilikuwa na video ya watoto wanacheza kombolela, kuta tatu kwa pamoja, wanakimbia taratibu mno, hakuna sauti. Kombolela bila sauti! Nusu ya mchezo ule ni kubishana: hujaniona, nimekuona, ulichungulia, sikuchungulia, twende tukamuulize dada yako. Nilikaa pale nikisubiri angalau mmoja akamatwe. Hakukamatwa mtu. Kisha ikaanza upya.

Na majina ya kazi, jamani. Mtu kahangaika kufinyanga vyungu vidogo vya kupikia mchanga, vizuri kabisa, vya saizi ya kiganja, vimepangwa na vijiko vya majani ya mwembe, unainama usome vinaitwaje: "Bila Jina namba 4". Nenda RITA kuandikisha mtoto, kwenye nafasi ya jina uandike Bila Jina namba 4, uone kama utatoka na cheti.

Ila gari la waya nililipenda, na ndiyo maana lilinikera kuliko vyote. Lilikuwa lori la waya wa kufungia nondo, lina kabati la dereva, lina tenki la mafuta, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili za bluu, na kutoka kwenye kabati umepanda ule waya mrefu wa usukani unaofika kifuani. Kazi safi ya mkono. Bei yake, shilingi milioni mbili na laki nne. Kwa hela hiyo napata bodaboda iliyotumika, na inapakia abiria.

Sisi tulipokata kandambili kutoa magurudumu hakuna aliyetupigia makofi. Leo kule Nairobi kuna Ocean Sole, wanaokusanya kandambili zilizotupwa na bahari, wanazigandanisha, wanachonga tembo na twiga wa rangi zote, na dunia inawasifu kwa kuokoa mazingira. Nawasifu na mimi. Nasema tu kwamba mwaka ule nilipookoa mazingira kwa kandambili za mjomba, ambazo alikuwa bado anazivaa, nililala bila kula.

Wenzetu wengine waliangukia kwa wazazi wa maana. Cyrus Kabiru, yule Mkenya anayeunda miwani mikubwa ya ajabu kwa waya, vijiko na vyuma chakavu, amesimulia kwamba utotoni aliitamani miwani na baba yake hakukubali kumpa. Akamwambia akitaka ajitengenezee. Akajitengenezea, na miwani hiyo imemzungusha dunia. Baba yangu angemwambia mtoto vilevile, lakini angeongeza kwamba kijiko kikionekana kimepungua jikoni tutaonana.

Wa kuonewa huruma kuliko wote ni mtoto wa Picasso. Mwaka 1951 mzee huyo aliunda sanamu ya nyani jike aliyebeba mwanawe. Kichwa cha nyani ni magari mawili ya kuchezea, moja limegeuzwa miguu juu, yamebanwa pamoja yakawa pua na taya. Magari yalikuwa ya mwanawe Claude, mtoto wa miaka minne, zawadi ya yule mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia baba yake picha. Baba kayaona, kayapenda, kayachukua, sanamu ikamiminwa kwa shaba na ipo hadi New York. Vitabu vinaiita kazi ya ucheshi na upendo wa mzazi. Mimi juzi nimeficha mpira mmoja tu, kwa ajili ya vioo vya jirani, na nyumba nzima hainisemeshi.

Nimesimama hapo mbele ya lori, nanung'unika, mlinzi akasogea. Kijana mrefu, sare imembana mabegani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nalitazama tu, sigusi."

"Tazama tu. Lakini mzee," akapunguza sauti, akaangalia mapokezini, "hili gari halikati kona."

Nikamwambia afafanue. Akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole bila kugusa, maana na yeye kakatazwa. Waya wa usukani ulikuwa umefungwa kwenye bodi. Ilitakiwa uteremke mpaka chini, uzungushwe kwenye ekseli ya mbele, na ekseli iachiwe nafasi ya kucheza. "Hili ukilisukuma linanyoosha moja kwa moja mpaka mtaroni. Sisi kwetu Songea tulikuwa tunaweka na springi, waya unauviringisha kwenye kalamu. Na taa. Na tela." Alisema "na tela" kwa uchungu kabisa. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mwenyewe msanii. Akaniambia yeye amewekwa pale kuangalia watu, siyo kuangalia sanaa.

Tukahamia upande wa mambo ya asili. Huko chumba kimemwagwa mchanga na majani makavu, na kwenye spika zilizofichwa kunasikika ndege wa msituni. Sikuona siafu, sikuona mbu wala upupu. Msitu uliofagiliwa. Nina shemeji Tunduru ambaye tembo humalizia shamba lake la mahindi. Huyo ukimwambia kuna watu Dar wanalipa pesa kusikiliza pori, ataomba wamfuate na gari. Na kutoka hukohuko Tunduru ndiko alikotokea Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli, akiuzia nje ya duka la Morogoro Stores pale Oysterbay. Miaka minne baadaye akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Wanyama wake hawakuhitaji spika. Yule chui anakutolea macho, nawe unamtolea, basi. Mziwanda wangu akiona mmoja hujibu kwa kunguruma.

Mle ndani hakunguruma. Alikwenda dirishani, maana nje kwenye mwarobaini kulikuwa na kunguru, na kunguru ndiye pori pekee analolijua mtoto wa Dar. Namsema yule mwenye shingo ya kijivu, asili yake India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe takataka, akavuka bahari, na sasa anasafisha mayai ya ndege wengine na vitumbua vya wanafunzi. Huyu hakualikwa kwenye maonyesho. Kiota chake nilikiona vizuri kutoka pale: kimesukwa kwa waya wa umeme mwekundu, waya wa kufungia nondo na kipande cha hanga. Waya uleule wa lile lori. Mtoto akauliza hicho ni bei gani. Nikamwambia hakiuzwi, akasema basi hicho tunaweza kugusa.

Njaa ikatuuma. Mezani kulikuwa na ubuyu, kwa heshima ya utoto, kisahani kimoja cha karatasi shilingi elfu tano. Sitaisema tena hiyo bei, daktari amenikataza. Nitasema hivi: ubuyu ni kula na kutema, na katika jengo lile lote, sakafu nyeupe, kuta nyeupe, hapakuwa na pa kutemea. Nikawa nazihifadhi mbegu shavuni. Ndipo mama watoto akaja na mwanamama mmoja mwenye shanga kubwa, ndiye msimamizi wa maonyesho, akanitambulisha. Yule mama akanishika mkono, akaniuliza kazi zimenigusaje. Mdomo umejaa. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa taratibu, nikashusha pumzi kwa pua. Akamgeukia mke wangu na kumwambia kwamba wageni wachache sana wanafika kiwango hicho cha kuelewa.

Sasa tumewekwa kwenye orodha ya kualikwa kila mara.

Mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni. Waliotangulia walikuwa wameandika mambo mazito kuhusu kumbukumbu, mizizi na uponyaji. Mimi nikaandika kwamba picha za watoto zishushwe wafike watoto, na ubuyu uje na kopo. Nilipokuwa nafunga kalamu nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

"Mzee, naomba uniandikie na la kwangu. La usukani."

Nikaliandika lote, na ekseli, na springi, na nikamchorea kabisa kamchoro ka jinsi waya unavyoteremka. Tela aliniomba niipigie mstari. Nikamuuliza niweke jina gani chini. Akakataa katakata, mkataba wake unaisha Desemba.

Basi nikaweka Bila Jina namba 5.